Kandambili Mlangoni mwa Kiwanja

"Washa greda! Pitia humohumo!"

Jamani… sauti ile naijua tangu ikililia nyonyo!

Nehemia! Mdogo wangu wa tumbo moja! Kasimama mlangoni mwa kiwanja chetu cha Usagara, kidole kaelekeza kwenye kazi yangu ya sanaa… na kwangu pia, maana nilikuwa nimekaa mkekani nyuma yake tu!

"Dada Leti, toka."

"Sitoki!"

"Utapondwa!"

"Nipondwe! Ila mama ukamwambie wewe."

Subirini kwanza, msije mkasema Madam Leti kachanganyikiwa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini kasoro. Nina diploma ya sanaa, na nina makalio ambayo greda halisukumi kirahisi.

Kiwanja kile ndicho kilichotulea. Mpira pale. Rede pale. Maulidi pale, mkutano wa injili palepale, wiki ileile, na hakuna aliyegombana. Leo Nehemia kakipata kwa njia anazozijua yeye, ati ajenge ukumbi wa harusi, ukuta na geti!

Nilimbembeleza. Akanicheka.

"Dada, si we msanii? Nitakupa ukuta uchore pomboo."

Pomboo! Diploma nzima… pomboo!

Basi nikapita mlango kwa mlango. "Nipeni kandambili kuukuu ya yeyote aliyewahi kucheza pale." Wakanipa. Zilizolika visigino, zilizofungwa waya, za watu walio hai na za waliotangulia. Nikazipanga mlangoni mwa kiwanja, vidole ndani, visigino nje, kama zinavyokaa nje ya nyumba yenye watu.

Ndiyo sanaa yenyewe, wapenzi. Hakuna picha. Unawekewa kitu, unafikiri mwenyewe.

Mtaa ukafikiri… ukafikiri nauza!

"Madam, hii ya kushoto mwenzake yuko wapi?"

"Kusoma kwingi huko! Kichwa kimepata moto!"

Nikacheka nao. Moyoni nalia.

Sasa turudi palepale. Greda linaunguruma, mimi nimeng'ang'ania mkeka, mtaa unachungulia tu kwa mbali…

Mara akatokea Bi Fakhria na kikapu chake cha samaki. Bibi wa watu, macho yameshaingia ukungu. Nikaona kabisa kuwa greda hakuliona. Kaziona kandambili!

"Innalillahi! Viatu vyote hivi… nani kafa?"

Sijajibu, keshavua ndara zake, kazipanga mstarini, kajikalisha ubavuni mwangu!

"Pole mwanangu. Pole sana." Na machozi juu!

Haki ya Mungu, sikulipanga hilo.

Lakini kwetu huulizi mara mbili. Ukiona viatu nje na bibi analia ndani, unavua, unaingia. Akavua Consolata wa kwaya. Akavua Mzee Haji muuza kahawa, kaingia na birika lake. Akina mama wakajifunga kanga kiunoni, mikeka ikaja, mtu kaanzisha pambio, mwingine anavuta tasbihi…

Dereva wa greda akazima injini.

"Washa wewe!"

"Bosi, pana msiba."

"Msiba gani? Hakuna aliyekufa!"

"Mi sipiti juu ya viatu vya msiba. Pita mwenyewe."

Nehemia akanijia mbiombio, kafura! Nikasema leo leo…

Akafika kwenye ule mstari.

Akasimama.

Akainama… akavua viatu!

Viatu vya ngozi, vinang'aa kama kioo! Kavipanga mwenyewe, vidole ndani, katikati ya kandambili! Kaingia na soksi! Wala hakujua anachofanya. Mama yetu alimfunza hilo kwa mwiko, na mwiko wa mama hausahauliki.

Kiwanja kizima kikageuza shingo.

"Karibu baba," Bi Fakhria akamwambia. "Shika kahawa."

Akashika! Kapiga na funda moja!

"Shikamoo bibi… Kwani nani kafa?"

"Marahaba. Muulize dada'ko."

"Kiwanja, Nehemia!" nikasema. "Na wafiwa viatu vyao vile pale. Na vyako vimo!"

Akageuka. Akaviona.

Mzee Haji akammalizia. "Umevua, umeketi, umekunywa. Sasa mfiwa gani anakuja na greda?"

Watu wakaangua kicheko! Akakimbilia viatu vyake.

"Usiguse!" nikasimama. "Hiyo ni kazi yangu, na imekamilika sasa hivi!"

"Dada, nitarudije nyumbani?"

"Kama ulivyokuwa ukitoka hapa utotoni. Peku!"

Akaangalia mtaa mzima uliomkazia macho. Akapanda greda na soksi zake, kando ya dereva… likarudi kinyumenyume! Mpaka leo hajathubutu kurudi. Ukumbi kaupeleka kwingine, na pomboo kachorewa na mwingine.

Vile viatu vipo palepale, nimevigandisha kwa saruji. Watoto wanavifanya goli.

Jioni ile nikamsindikiza Bi Fakhria, nikamwambia, "Bibi, samahani, nimekuliza bure. Hukuona kuwa hakuna maiti."

Akasimama. Akacheka mpaka kikapu kikatikisika.

"Leticia mwanangu… hilo greda nililiona tangu kona ya kule! Nikasema, huyu kapanga viatu vizuri, kakosa wa kulia tu."

Khaa!!

Basi wapenzi, ukiambiwa toka, keti. Panga ulichonacho, hata kandambili mbovu. Usijali wanaocheka. Yupo mmoja ambaye ameshaelewa, na anakuja na machozi yake mkononi.

Na mkifika Usagara, mlangoni pale… vueni viatu!