Kipande cha Gereza

Hebu fikirini, wanangu, ukumbi wa sinema Mji Mkongwe, alasiri moja mwaka wa sitini na saba. Ni onyesho la wanawake. Mabuibui yamejaa, karanga zinatafunwa. Lakini humo ndani mnanuka kama chupa kuukuu iliyozibuliwa sasa hivi.

Mkadam, msimamizi wa ukumbi, hakujali harufu. Alikuwa mtu wa kudharau. Filamu ilimhusu baharia aliyesalitiwa na marafiki, akafungwa bure ngomeni, akatoroka, akarudi kulipa kisasi. Ilikuwa ndefu, na wanawake lazima wafike majumbani kabla ya Maghribi. Basi siku ile Mkadam alikuwa amekata kipande chote cha gereza.

"Nani anataka kumtazama mtu amekaa gizani?" alisema. "Watu wanataka panga!"

Utepe wa kipande kile akampelekea binti yake, Mashavu, auvae kama bangili za kuchezea, kama watoto wa mjini walivyopenda. Mashavu akajizungushia utepe mikononi mpaka kwenye viwiko. Tangu hapo hakula, hakunywa. Alikaa ameuelekea ukuta, na chumba kikanuka chupa.

"We Mkadam," alisema Mashavu siku ya pili, kwa sauti ya bibi kizee. "Mie nilizibwa chupani kwa kosa la mwengine. Kila siku nilikwenda ukumbini kumtazama yule baharia mwenzangu, mara nakuta anatoka gerezani bila ya kuingia. Kisasi bila ya kifungo? Huo ugomvi wa walevi."

Mama yake, Mize, akamwita Bi Kazija, mganga wa Mlandege. Bi Kazija akafukiza ubani, akanong'ona, "Shikamoo, bibi. Unataka nini?"

"Marahaba. Kipande kirudi mahala pake, nikitazame chote. Mtoto nitamwacha."

"Kirudishe, Mkadam," Mize akalia. "Mwanangu anakufa kwa kiu."

Wakaenda ukumbini mchana, milango imefungwa. Mkadam akaunganisha filamu, akawasha mashine, na mfungwa alipotokea gizani, viti vitupu vikaanza kushuka kimoja kimoja, safu baada ya safu, kama kwamba watu wanakaa, na ile harufu ikapanda mpaka ikawakaba koo, na Mashavu akalia bila ya kupepesa macho, akalia hadi mfungwa alipojitupa baharini, ndipo akaanguka mapajani mwa mama yake, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, maji."

Mkadam akashuka kutoka kwenye mashine, anacheka. "Jini gani huyo, analilia sinema! Kesho nnakikata tena."

"Nyamaza!" alisema Bi Kazija.

Mkadam akanyamaza ghafla, mdomo wazi.

"Mkadam?"

"Naam," ikajibu ile sauti ya bibi kizee, kinywani mwa Mkadam. "Mtoto alikuwa mwembamba mno. Humu mna nafasi."

Basi, wanangu, nakuombeni mkumbuke jambo moja tu: mkimwona mtu anamlilia aliyefungwa bure, msimcheke.