Mkeka wa Barazani

Mikono yao ilikutana juu ya kitabu cha hesabu, kilichobaki kimoja tu, katika duka lililofurika wazazi pale Freeganj, mjini Ujjain, India.

"Kaka, nimekiona mimi kwanza," alisema Rohini, kavaa kijani kibichi, bangili zikilia kila akibisha.

"Dada, mwenzio nakihitaji kufa na kupona."

Kijana alijifunga kitambaa cheupe kiunoni, na kisogoni ana kishungi cha nywele. Aliitwa Kaushal Vyas, mwalimu wa shule ya Kisanskriti kando ya mto. Vijana wake walighani kanuni za hesabu kwa beti tamu, ila mtihani wa serikali ulitaka aljebra, nayo ilimpiga chenga hata yeye.

Rohini, mwalimu wa tuisheni, akacheka. "Haya chukua. Ukikwama nipigie."

Alikwama kila jioni. Majibu yalipatikana upesi, maneno hayakwisha. "Dada" ikafa, ikazaliwa "mpenzi". Mwisho Kaushal akamwomba aje awafundishe vijana wake.

Alikwenda kapendeza. Mlangoni mkuu wa shule akamuuliza ukoo.

"Ahirwar."

Mzee akatabasamu kwa adabu, kisha akaagiza atandikiwe mkeka barazani; vijana wangemsikiliza dirishani. Ukoo huo ni wa tabaka la chini, na watu wa tabaka lake hawakuingia mle. Rohini alimtazama Kaushal. Kaushal alitazama vidole vya miguu yake.

Rohini akaondoka, na kuumia aliumia kwelikweli.

"Mpenzi, niliingiwa na woga," Kaushal alibembeleza kwenye simu.

"Mimi hesabu nafundisha ndani ya darasa, Kaushal. Na kupendwa nataka ndani pia." Akakata.

Jumapili asubuhi uani kwao Rohini kulijaa vishungi. Kaushal alikuja na darasa zima.

"Nimemwambia mkuu, mwalimu asipoingia, wanafunzi watatoka."

"Akasemaje?"

"Kanifukuza. Lakini wazazi wameniruhusu niwalete. Mtihani hauulizi ukoo."

Mama yake Rohini alileta maji, kisha akasita na kikombe mkononi. Watu hawa wa tabaka la juu, wakikubali sana kunywa kwao, hujimiminia mdomoni kutoka juu, midomo isiguse chombo. Kaushal alikipokea, akakitia mdomoni, akanywa nusu, akampa kijana wa karibu. Kijana akaangalia kushoto na kulia, akanywa.

Machozi yalimlenga Rohini. "Mama yako akisikia?"

"Atalia mpaka siku ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yetu, mwalimu. Sasa fundisha, vijana wanakusubiri."