Ufunguo Ndani ya Friji

Muuza vyombo vya muziki alikuwa na ustadi mmoja tu wa kweli: kumtazama mteja kuanzia viatuni, na kufika kiunoni akiwa ameshamhukumu. Jumamosi hiyo duka lilijaa watu, spika tatu zikipiga nyimbo tatu tofauti, naye ameegemea kaunta na miwani ya jua ndani ya nyumba. Mwanamke aliyefika mbele yake alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni, ameisahau.

"Naomba stendi ya maiki hii," alisema, akamwonyesha picha kwenye simu.

Muuzaji aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa jipu. "Dada, hiyo si maiki. Hicho ni kitu cha watoto kuchezea. Unarekodia wapi?"

"Kabatini."

"Kabatini." Akawageukia wateja wengine ili nao wafaidi. "Jamani, huyu anarekodi na mende."

Wakacheka, kicheko cha watu wanaoogopa kuwa wanaofuata.

Alitoka bila stendi. Nje ya mlango akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu, begani mkoba wa spana.

"Ni kabati la nguo?"

"Na wewe unataka kucheka? Foleni iko ndani."

"Hapana. Nauliza kama nguo zimo."

"Mimi ni fundi cherehani. Makoti ya wateja yamejaa hadi mlangoni."

"Basi una chumba kizuri kuliko chao. Nguo zinameza mwangwi. Mimi napiga gitaa jikoni. Ni fundi friji, na bado friji yangu mwenyewe inaniharibia kila wimbo kwa kunguruma."

"Unafanyaje?"

"Naizima. Halafu naweka ufunguo wa nyumba ndani yake. Siwezi kutoka bila ufunguo, na nikiufuata nakumbuka kuiwasha."

Mwanamke alicheka bila kutaka. "Nani kakufundisha ujinga mzuri hivyo?"

"Kundi moja la mtandaoni. Nikuunganishe?"

Alisita. Alishawahi kuingia jukwaa moja kubwa la wanaojiita wataalamu. Aliweka wimbo wake, watu kumi na mmoja wakajibu, na wote waliuliza anatumia maiki gani. Hakuna aliyefika ubeti wa pili. Kuna watu ambao masikio yao yako kwenye risiti.

Kundi hili liliitwa Sebuleni, na lilikuwa na kanuni moja: kabla ya kumshauri mtu, mwambie ulichosikia. Kila jibu lilianza na neno "nimesikia". Yeye akajiita Sindano. Fundi friji alikuwa Gesi. Sindano aliweka wimbo ambao mama yake huimba akishona, naye mama alikuwa chumba cha pili akiikanyaga cherehani bila kujali kurekodi kwa mtu.

"Nimesikia cherehani nyuma ya ubeti wa pili," aliandika mwalimu mstaafu anayeimbia bafuni. "Usiitoe. Ina mapigo mazuri kuliko mpiga ngoma wetu."

"Nimesikia unavuta pumzi kabla ya neno 'rudi'," aliandika muuguzi anayerekodi ndani ya gari lake. "Hapo geuza uso kidogo. Karibu Sebuleni."

Sindano alisoma majibu hayo mara tatu, kisha akaenda kuosha uso.

Simu za Gesi zikaanza. Kila mchana, mikasi ikipumzika.

"Sindano wangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Hiyo umeitoa kwenye kadi gani?"

"Nimeitunga mwenyewe."

"Inaonekana. Mshono umefumuka."

Mama alisikia yote. "Huyo mkwe wa friji anakuja lini? Yetu inalia kama mgonjwa."

"Mama, si mkwe."

"Friji haijui hilo."

Gesi alikuja, akaitengeneza, akarudi tena wakati haijaharibika. Mwezi wa nne aliomba kuuwekea wimbo wa mama gitaa, na Sindano akalitangazia kundi kwamba Jumapili wangeusikia mzima.

Ijumaa Gesi alituma gitaa. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Faili lilikuwa la dakika saba. Mwingine angelikata, lakini fundi nguo hatupi kitambaa kabla ya kukipima. Alivaa hedifoni akasikiliza hadi mwisho. Gitaa likanyamaza. Kiti kikalia, mlango ukafunguliwa. Gesi alikuwa amesahau kuzima kurekodi.

"Bado unahangaika na yule wa mende?"

Sauti ile aliijua kabla neno la mwisho halijafika.

"Kaka, acha bwana," alijibu Gesi. Kisha akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini kicheko.

Alimpigia hapo hapo.

"Yule muuzaji ni nani yako?"

"Kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Miezi minne hukusema. Ulikuwa unasubiri niwashonee sare?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Yake au yangu?"

"Mpenzi, nilicheka ili atoke."

"Umefanikiwa. Tumetoka wote." Akakata.

Si rahisi kusema nani alistahili dharau zaidi, kaka aliyetukana au mdogo aliyecheka. Anayetukana angalau hujitwika tusi lake. Anayecheka hutaka aburudike kwa jasho la mwenzake, kisha arudi nyumbani akiwa mtu mwema.

Kwenye kundi Sindano aliandika: "Asanteni. Sindano imevunjika." Maiki akaizika kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. Gesi alipiga simu kumi, ya kumi na moja hakupiga. Mama alivumilia siku mbili.

"Ule wimbo ni wangu," alisema bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Nani kakupa ruhusa ya kuuzika?"

Siku ya nane muuguzi alimwandikia: "Sikuombi urudi. Sikiliza tu alichoweka Gesi."

Gesi alikuwa hajawahi kuimba mbele ya mtu. "Nilimcheka mtu anayeimba kuliko sisi wote," ilianza sauti yake, "kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kumwambia kaka nyamaza. Leo asubuhi nimemwambia, dukani, mbele ya wateja. Ameniuliza kama nimerogwa." Halafu akaimba wimbo wa mama, peke yake, bila gitaa la kujifichia. Chini yake kulikuwa na mngurumo mzito usiokatika. Fundi friji hakuzima friji.

Chini, mwalimu mstaafu aliandika: "Nimesikia mtu anapoteza ufunguo wa wimbo mara tatu, sauti ikimtoroka, na haachi kuimba."

Sindano alimvisha mama hedifoni. Mama alisikiliza, macho ameyafumba.

"Anaimba vibaya."

"Sana."

"Mwite."

Alikuja Jumamosi alasiri, ovaroli imepigwa pasi hadi mikononi. Sindano alimfungulia, akamwacha asimame kizingitini.

"Fundi friji mzima. Ukaisahau."

"Sikuisahau. Niliogopa nikiizima nitajisikia vizuri."

"Tulikusikia vizuri hata hivyo. Pole."

"Kaka yangu hatabadilika, Sindano. Mimi ndiye niliyekuja kukuomba radhi, kwa kicheko changu. Chake sikibebi."

Sindano akampisha. Jikoni palikuwa kimya, friji imezimwa. Maiki ilikuwa imetoka guniani. Gesi alifungua friji. Ufunguo wa nyumba yao ulikuwa rafu ya kati, kando ya chupa ya maziwa. Akatoa wake mfukoni, akauweka ubavuni mwa ule.

"Unafanya nini?"

"Naomba wangu ulale hapo. Siku zote. Tuoane."

"Nimesikia."

"Kanuni inasema ueleze ulichosikia."

"Nimesikia mtu anatetemeka mpaka ufunguo unagonga chupa."

"Na jibu?"

Chumba cha pili cherehani ilisimama. "Jibu upesi," alisema mama. "Maziwa yangu yanaharibika."

Sindano alifunga mlango wa friji, akaiwasha, na funguo zote mbili akaziacha ndani.