Harusi Iliyoshuka Mlima

"Vitalis, usinyanyue uso!"

"Nataka kukohoa tu, Eliza."

"Kohoa ukiangalia chini."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu mwaka ule. Yeye kalala kifudifudi kwenye kitanda cha hospitali ya misheni pale ziwani, uso ukining'inia nje ya godoro. Mimi nimelala chali kwenye mkeka chini yake, ili tuzungumze uso kwa uso. Manesi walicheka siku mbili, ya tatu wakazoea.

Jicho lake la kushoto liliuawa na surua akiwa mtoto. La kulia ndilo alilonipendea. Siku moja kule kwao Mbinga, amebeba gunia la kahawa, aliona cheche. Baada ya siku chache pazia jeusi likapanda kutoka chini ya jicho hilo, hadi akawa anapapasa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Niliposikia kuna daktari bingwa atakuja kwetu na masanduku ya vifaa kwa wiki mbili, nilipanda lori nikamfuata Vitalis huko Mbinga, nikamshusha mwenyewe.

"Utando wa nyuma ya jicho umebanduka ukutani," Daktari Urbani alituambia. "Nimegandisha palipochanika kwa baridi, nikaingiza kiputo cha gesi. Kiputo ndicho kinausukuma utando urudi ukutani mpaka ushike."

"Hewa ndiyo itanishikia jicho?" Vitalis aliuliza.

"Hewa, na shingo yako. Siku kumi uso chini. Na kitu kimoja msisahau: usipande mlima mpaka kiputo kiishe. Huko juu hewa ni nyepesi. Kiputo kitavimba ndani ya jicho, na litakufa siku hiyohiyo."

Binadamu anashikilia nuru ya mwenzake kwa kiputo! Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa pamoja namna ile, hata siku ya kipaimara changu.

Tatizo ni kwamba harusi yetu ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, Mbinga. Na kutoka ziwani hadi Mbinga ni mlima mtupu.

Nikapanda kilima cha kanisa, mahali pekee simu yangu iliposhika mtandao, nikamweleza yote mjomba wake Methodi, mwenye simu pekee katika ukoo wao. Jibu likaja kwa maandishi:

"VITALIS. MATANGAZO YA NDOA YAMESOMWA MARA TATU. NG'OMBE AMESHANUNULIWA. TANGU LINI MLIMA UKAUA JICHO? HUYO BINTI WA ZIWANI AMEKUFUNGA. JUMAMOSI USIPOTOKEA SINA MTOTO. MAMA."

Nilimsomea nikiwa chini kwenye mkeka. Tone la maji likanidondokea shavuni.

"Nitapanda," akasema.

"Unasema nini?"

"Baba alishakufa, Eliza. Yule ndiye mzazi niliyebaki naye. Mungu atalishika jicho."

"Mungu kashalishika! Kamleta Daktari Urbani na gesi yake. Sasa unataka alishike mara ngapi?"

"Na harusi je?"

"Nitaishi bila harusi. Kukuona unapapasa milango maisha yako yote, hapo siwezi. Ukipanda gari, pete yako nakurudishia."

Nilimaanisha kila neno.

Jumapili, siku ya sita, Mama Kunigunda akashuka mwenyewe. Aliingia wodini na kikapu kichwani, hasira zimemtangulia. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi? Vitalis! Inuka unisalimie!"

"Shikamoo mama. Siwezi kuinuka."

"Hata kunitazama? Umemfanya nini huyu, we binti?"

Akatua kikapu kwa kishindo. Juu ya kitenge kilichokunjwa kulikuwa na chupa tupu ya plastiki, imebonyea mbavu zote mbili. Akaiona, hasira zikapata pengine pa kwenda.

"Na chupa yangu nani kaikalia? Nimekunywa maji yake pale stendi Mbinga, nikaifunga vizuri nije niweke mafuta. Kikapu nimekipakata njia nzima!"

Nikaikodolea macho.

"Mama, uliifunga Mbinga?"

"Si nimesema?"

"Hakuna aliyeikalia. Ifungue."

Akanitazama kama mwendawazimu, lakini akafungua. *Fyuu!* Chupa ikavuta pumzi, mbavu zikaruka nje zikawa kama mpya. Mama akaachia kizibo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo.

"Nani kaipuliza?" akanong'ona.

"Ni hewa, mama. Uliyoifunga huko juu, ikifika huku inabanwa, inasinyaa. Hewa iliyo ndani ya jicho la Vitalis imefungwa huku chini. Tukiipandisha Mbinga je?"

Alikaa muda mrefu akiigeuzageuza ile chupa. Miaka hamsini alikuwa akipanda na kushuka mlima ule, na hakujua ulikuwa unafanya hivi.

"Itavimba," akasema.

"Itavimba, mama. Na jicho ni hilo moja."

Mama akavua viatu. Akalala chali kwenye mkeka wangu, na utu uzima wake wote, akanyoosha shingo mpaka uso wake ukakaribia wa mwanawe. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kupitia gesi mtu huweza kuona kitu cha karibu sana. Tukasubiri.

"Mama," Vitalis akasema polepole, "mbona unalia?"

Hakuwa ametoa sauti. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameyaona machozi.

Mama alilia sasa kwa sauti, akanivuta mkono.

"Mwanangu, nisamehe. Nipe hiyo simu yako nimpigie Methodi."

"Mtandao uko kilimani, mama."

"Twende. Namwambia amwambie padre harusi inashuka. Na ng'ombe anashuka. Asiyeamini afunge chupa!"

Wakafunga. Jumamosi lori liliwasili limejaa Wamatengo, watu wa Mbinga, kila mmoja na chupa yake iliyobonyea, wakizifungua nje ya kanisa, *fyuu, fyuu*, wakicheka na kujiandika ishara ya msalaba.

Siku kumi zilikuwa zimetimia. Vitalis aliingia kanisani ameinua uso. Kiputo kilikuwa bado kimo, akikiona kama maji yaliyotulia kwa chini, na kila siku maji yakipungua. Padre alipomwambia anigeukie, nilinong'ona:

"Maji yamefika wapi leo?"

"Shingoni kwako," akasema. "Uso wote nauona."

Padre akarudia swali lake mara ya pili ndipo tukamsikia.