Sakafu ya Choo cha Uani

Kila alasiri akitoka shule, Pilipili alivua sare, akaitundika msumarini, kisha akaingia jikoni. Mama yake alikuwa mpishi wa bweni la shule ya mbali, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo moto, masufuria na tumbo la Bibi vyote vilikuwa juu ya binti huyu wa miaka kumi na mitatu. Jina la Pilipili alipewa na watu wa nyumba kwa sababu ya hasira zake: ukimgusa, unawashwa.

Siku hiyo alipika maharagwe na mchicha, akakata papai, akajaza jagi la maji ya kunywa. Vyote akaviweka kwenye meza ndogo kando ya kitanda cha Bibi, mama mzazi wa baba yake.

"Ahsante, mjukuu wangu. Acha hapo, nitakula taratibu," Bibi alisema.

Baadaye Pilipili alikuta sahani tupu na jagi halina hata tone. Alifurahi. Lakini jambo moja lilimshinda kulielewa. Bibi alikuwa anakonda. Mashavu yalikuwa yamebonyea, midomo imekauka, na tumbo limejaa kama mtu aliyekula karamu.

Jirani yao, Mama Pacha, waliyekuwa wakitumia naye ua mmoja, hakukosa la kusema. Alimsubiri Baba mlangoni jioni, akajishika kiuno.

"Fundi, mimi si mmbea, lakini mama yako ananyimwa chakula. Mtoto anapika, anakula mwenyewe. Mwangalie mama wa watu, amebaki mifupa!"

Baba alikuwa fundi mwashi. Alirudi nyumbani amechoka, simenti imemkaukia mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza mara mbili. "Pilipili! Unampikia nini bibi yako?"

"Maharagwe, Baba. Na mchicha. Na papai. Na anamaliza."

"Anamaliza, halafu anakonda? Usinifanye mjinga!"

Pilipili alitaka kujitetea, lakini machozi yalitangulia maneno, na yeye hakuna kitu alichokichukia kama kulia mbele ya mtu. Akatoka nje bila kula.

Kesho yake alipompelekea Bibi chakula, hakuondoka. Alijibanza nyuma ya mlango, akachungulia kwenye ufa. Bibi alisikiliza kidogo, akajikokota hadi dirishani, akapiga mluzi mdogo. Pacha wawili wa jirani wakatokea kama kuku walioitwa kwa mtama. Sahani ikapita dirishani, ikarudi nyeupe. Kisha Bibi akalichukua jagi na kumwaga maji yote nje, polepole, yasilie.

Pilipili aliusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Bibi! Ninaungua mikono kwa ajili yako! Natukanwa kwa ajili yako! Kumbe wewe unawanenepesha watoto wa yule yule anayenisema?"

"Usinipandishie sauti," Bibi alisema. "Huyo baba yako anayekulisha, mimi ndiye niliyemfunga nepi."

"Basi sipiki tena!"

"Usipike!"

Waliachana hivyo, kila mmoja amevimba.

Asubuhi Bibi hakuweza kuinuka. Alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo, jasho linamtoka. Baba alimbeba hadi barabarani, wakakodi gari kwenda hospitali, Pilipili akimshikilia Bibi kiti cha nyuma. Hasira yake ilikuwa haijaisha, ila sasa ilikuwa imechanganyika na hofu.

Daktari, mwanamke mwenye sauti kavu, alilibonyeza tumbo la Bibi. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Umepata choo mara ya mwisho lini, mama?"

"Aa, daktari, huu ni uzee tu."

"Sikukuuliza habari za uzee. Nimekuuliza habari za choo."

Bibi alimtazama mwanawe, akatazama ukuta.

"Anamwaga maji!" Pilipili alilipuka. "Chakula anagawa dirishani! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Mama," Baba alisema, "ni kweli?"

Hapo Bibi, aliyekuwa hajiwezi, alijiinua kwa viwiko, na Pilipili akajua jina lake alilirithi kwa nani.

"Ndiyo, namwaga! Ninywe yaende wapi? Nile, halafu niende wapi? Sakafu ya choo imebomoka, imeota kuvu, inateleza kama samaki! Niliteleza mle ndani, nikaanguka, nikatoka ninatambaa kama mtoto mchanga. Hakuna aliyeniona, na nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeniona. Nilikuambia ile sakafu itengenezwe. Ukasema, wiki ijayo, mama. Wiki ijayo gani isiyofika? Wewe unawajengea watu vyoo vya vigae, mtu anajiona uso wake sakafuni! Mama yako ajizuie mpaka afe!"



Daktari aliweka kalamu chini. "Sasa nimeujua ugonjwa," alisema. "Mama, mwili ukizeeka, utumbo nao hupunguza mwendo. Unahitaji kusaidiwa: maji ya kutosha, mboga, matunda, maharagwe, na kutembeatembea. Wewe umeunyima vyote, halafu ukibanwa unajizuia. Choo kinakaa ndani, kinakauka, kinakuwa jiwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe, fundi, dawa nitampa leo, lakini dawa haitengenezi sakafu."

Bibi alitibiwa, na jioni wakaruhusiwa kurudi. Walipomlaza Bibi, Pilipili alimfuata baba yake uani.

"Baba, utaanza kesho?"

"Kesho nina kazi ya mtu, imeshachelewa. Nitaitengeneza wiki ijayo."

Alipoyasikia maneno hayo, Pilipili aligeuka. Aliingia stoo, akatoka na nyundo kubwa ya baba yake, akaenda moja kwa moja chooni. Pigo la kwanza lilimtetemesha mabega. La pili likaipasua sakafu. Alipiga akilia na kulia akipiga, mpaka vipande vya simenti vikatapakaa na pakakosekana pahali pa kukanyaga.

Baba alikuja mbio, na Mama Pacha nyuma yake, kopo la maji mkononi.

"Umepagawa?" Baba alifoka. " Sasa sisi tutakwenda wapi?"

"Hakuna pa kwenda!" Pilipili aliitupa nyundo chini. "Sasa sote ni kama Bibi. Tusile, tusinywe maji, tujizuie mpaka wiki ijayo!"

Mama Pacha alilitazama kopo lake, akamtazama fundi. "Fundi," alisema, akibadilisha mguu wa kusimamia, "mimi wiki ijayo sifiki."

Baba aliinua mkono kama anayetaka kupiga. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha na kujifuta uso. Alivua shati. "Lete mwiko," alimwambia Pilipili kwa sauti ndogo. "Na ile simenti iliyobaki stoo."

Baba alianza kazi jioni hiyo hiyo. Aliimwaga sakafu mpya yenye mikwaruzo ili isiteleze, akajenga kiti cha matofali ili magoti ya Bibi yasipate taabu, akachimbia ukutani bomba la kushikia. Simenti ilipokuwa inakauka, watu wote wa ua waliazima choo cha nyumba ya pili, na kila aliyekwenda alirudi amenuna. Mama Pacha alinuna kuliko wote, ingawa, baada ya kujua nani aliyekuwa akila chakula cha Bibi, alikuwa ameshamwomba Pilipili radhi, nusu kwa maneno, nusu kwa bakuli la matunda.

Kazi ilipokwisha, Bibi alimwita mwanawe na mjukuu wake wakae mbele yake.

"Pilipili, kumfokea mkubwa ni kosa. Kuvunja kitu cha watu wengi ni kosa la pili. Utafagia choo hicho mpaka mama yako arudi. Hasira yako ilikuwa na haki, lakini ungeniuliza kwanza, Bibi, kwa nini? Hukuniuliza. Wewe mwanangu, hukumuuliza binti yako, ukaamini maneno ya mlangoni. Na mimi niliona aibu kusema habari za tumbo langu, nikawadanganya kwa sahani tupu. Tumbo halina aibu, wanangu. Lipeni maji, mboga na mwendo, na likiwaita, nendeni. Likiwauma, semeni. Na ukiwa na mzee nyumbani, usimuulize tu kama amekula. Muulize kama ameweza kwenda."

"Nimekosa, mama," Baba alisema.

"Najua. Nipishe sasa."

Alitoka mwenyewe, hatua kwa hatua, akafunga mlango wa choo kwa komeo. Muda ukapita. Mama Pacha akaja na kopo lake, akasubiri, akakohoa, mwishowe akagonga.

"Atakayegonga tena," sauti ya Bibi ikanguruma kutoka ndani, "nitamvunja miguu! Niacheni, mimi bado!"