Ungo kwenye Sarafu ya Kaisari

Dunstan alikutwa kifudifudi pembeni mwa shamba la mkonge, Magoma, kisogo kimepasuka. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba ngumi, na haukufunguka mpaka chumba cha maiti Korogwe. Daktari aliufungua kidole kimoja kimoja, Inspekta Hajira amesimama pale pale. Ikadondoka sarafu ya fedha, kuukuu, ndogo kama ukucha wa dole gumba.

Upande mmoja, kichwa cha mwanamume. Wa pili, mwanamke kashika kitu cha duara, nyoka mbele yake.

Hajira akaitia kwenye bahasha ya vielelezo. Saa moja baadaye simu ikalia: nyumba ya Bibi Fatu, kule kule Magoma, inaungua.

Alimkuta mama wa watu, miaka sitini na tatu, kakaa chini, khanga imeungua pindo, wanaume na mapanga yao wamemzunguka.

"Mchawi huyo! Dunstan kafa na sarafu ya huyu bibi mkononi! Ina mwanamke, ungo na nyoka!"

Hasira zilimpanda Hajira. Wanaume wazima, bibi mmoja! Lakini masikio hayakuziba. Ungo? Nyoka? Bahasha ilikuwa mfukoni mwake, na walioiona sarafu ni yeye na daktari tu.

"Nani kawaambia?"

Mashujaa wote wakaanza kutazama miguu yao.

Akampeleka Bibi Fatu kituoni kwa usalama wake, kisha akawahoji saba kati ya wale wanaume, mmoja mmoja. Huyu kasikia kwa yule, yule kwa huyu, na wote wakaishia kwa Kasmiri, mwenyekiti wa kitongoji.

Kabla ya kumgusa, Hajira aliendesha gari hadi Handeni kwa Mwalimu Efrazia, mstaafu aliyefundisha historia miaka thelathini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lete hicho kitu." Mwalimu akaisogeza kwenye lenzi. "Ya Kirumi hii. Huyu ni Salus, mungu wao wa afya. Na huo si ungo, jamani! Ni kisahani cha sadaka. Anamlisha nyoka, na nyoka kwao alikuwa alama ya kupona. Ila soma pembeni: afya ya Kaisari. Anawaambia raia, mkiniona mzima nanyi mko salama, nikianguka mmekwisha. Siasa hiyo, kaivisha joho la dini."

"Watu wa kwetu wameona ungo."

"Kisahani chenyewe kama punje ya mtama! Aliyeona ungo hapa ni mtu wa kwetu kweli, lakini kaishika, kaigeuza, kaitazama kwa nafasi."

Jioni Kasmiri akaketi mbele ya Hajira, kofia magotini. Alikwisha kupewa onyo la kisheria.

"Sarafu uliiona wapi?"

"Pale shambani, afande. Asubuhi, tulipomwokota marehemu."

"Kabla ya hapo?"

"Haki ya Mungu, sijawahi."

"Ilikuwaje?"

"Kiganjani. Mkono wazi, kila mtu kaona."

Hajira akaweka mezani picha iliyopigwa shambani kabla maiti haijaguswa.

"Niambie huo mkono uko wazi wapi."

Kasmiri akaitazama ile ngumi. Jasho likamtoka puani.

"Nakuuliza wewe!"

"Alinionyesha mwezi uliopita," akasema taratibu. "Babu yake alikuja huku enzi za manamba, kukata mkonge, msimamizi Mgiriki akampa hiyo sarafu. Nilitaka aniazime tu. Niifiche chini ya kitanda cha Fatu, kisha watu waende waikute."

"Akakataa."

"Akasema urithi wa babu yake hautumiki kumwangamiza mtu. Tukavutana. Nikampiga na mpini wa jembe. Afande, ngumi ile nimeivuta mpaka nimechoka! Haikufunguka."

"Na hata hivyo ukaenda kutangaza."

"Uchaguzi ni wiki ijayo. Fatu kachukua fomu ya kugombea. Mkunga yule, nusu ya kitongoji imezaliwa mikononi mwake. Mimi ningepigiwa kura na nani? Nilitaka wamwogope tu."

"Wamwogope tu!" Hajira aligonga meza, kalamu zikaruka. "Umeua mtu, umemchomea mama nyumba, unaniambia tu? Saini hapa, kabla sijasahau kazi yangu."

Akatoka nje kuvuta pumzi. Bibi Fatu alikuwa kwenye benchi la mapokezi, chai imepoa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Kasmiri amekiri."

"Marahaba." Hakuonekana kushangaa. "Na walioleta moto?"

"Walikuwa wamefunika nyuso, wale saba wanasema. Hakuna anayemjua mwenzake. Wewe uliwatambua?"

Bibi Fatu akaitazama mikono yake, kisha akamtazama Hajira usoni.

"Nawajua wote. Najua nani alizaliwa katanguliza miguu, nani alichelewa kulia. Chukua kalamu, mwanangu, uandike."