Nafasi ya Toronto

Velma alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila alasiri alifanya mambo yale yale. Alishuka kwenye basi la shule hapo Saint Paul, Marekani, akakung'uta theluji kwenye buti, akapasha moto wali wa jana na kuula akiwa amesimama. Kisha aliketi mbele ya kompyuta ya mama yake, akabonyeza kitufe kimoja. Alingoja dakika tano, akabonyeza tena.

Kazi hiyo alipewa na mama yake, Philister, aliyekuwa akisomea uuguzi. Mama aliondoka alfajiri kwa treni kwenda Minneapolis, mji wa jirani, kwa mafunzo ya hospitalini, na wodini simu ilikuwa marufuku. Baba yake Velma alikuwa marehemu. Kwa hiyo macho ya nyumba ile mchana yalikuwa ya Velma peke yake.

Walichokuwa wakitafuta ni nafasi ya mahojiano ya viza. Nyanya yake Velma, mama yake Philister, alikuwa mgonjwa huko Vihiga, Kenya. Uvimbe ulikuwa umemwota kooni, na madaktari walisema sauti ingekatika kabla ya roho. Nyanya hakuomba dawa. Alimwomba binti yake wa kwanza aje apokee baraka. Katika ukoo wao, mzazi anayeaga huweka maji kinywani, akamnyunyizia mtoto kifuani, kisha akamtaja jina na kumwambia maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe. Maneno hayo hayaandikwi, na hapewi mtu mwingine ayafikishe.

Lakini viza za Marekani zilizobandikwa kwenye pasipoti zao zilikuwa zimekwisha muda. Kukaa Marekani waliruhusiwa, maadamu mama alikuwa anasoma. Wakitoka bila viza mpya wasingeweza kurudi, na huko Nairobi foleni ya mahojiano ilikuwa ya zaidi ya mwaka.

"Tutafanyia mahojiano kwenye ubalozi wa Marekani ulioko nchi jirani," mama alimwambia Velma. "Majirani ni wawili, Kanada na Meksiko. Kanada, huko Toronto, tunaingia bila shida, ile viza yao tuliyopewa tulipokwenda harusini Winnipeg bado ni nzima. Nafasi ni chache, lakini mtu akijitoa, yake hutokea hapa kwa dakika mbili tatu. Ukiiona, mwanangu, usiniulize. Bonyeza."

"Sawa, mama," Velma alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Rafiki yake Velma aliitwa Wambui, wa Maple Grove, kitongoji cha wenye nacho nje ya mji, kwenye nyumba ya ghorofa yenye gereji ya magari matatu. Walisali kanisa moja la Wakenya. Siku hizo Wambui alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Toronto? Kwani hii theluji ya hapa haijakutosha?" alisema kwenye simu, akicheka. "Sisi mwaka jana tulienda Meksiko. Maji ya buluu, mchanga mweupe. Wewe bahari umeiona wapi? Kwenye bafu?"

"Nitaiona," Velma alisema.

"Lini? Mama yako anakupeleka Toronto ukaone barafu. Si ufungue tu friji?"

Maneno hayo yalimwingia Velma. Alianza kutazama picha za fuo za Meksiko badala ya kufanya kazi za shule.

Jumanne moja, saa kumi na dakika ishirini, alibonyeza kitufe kama kawaida, na tarehe ikatokea. Toronto, Alhamisi ya wiki iliyofuata, tarehe mbili Machi. Watu wawili.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Alijua kabisa afanye nini. Lakini aliwaza, "Zitatokea nyingine. Na zisipotokea, mama atachagua Meksiko." Akachukua simu, akaupiga picha ule ukurasa, akamtumia Wambui na maneno haya: Toronto imetokea, naiacha. Tunaenda baharini!

Alipobonyeza tena, nafasi haikuwapo. Mtu mwingine alikuwa ameichukua.

Mama alirudi saa moja jioni, akajitupa kwenye kiti na koti lake mwilini.

"Kuna kitu?"

"Hakuna, mama. Kanada hawana kitu mpaka Desemba."

Mama alifumba macho. "Leo mama yangu ameniita kwenye simu mara tatu ndipo nikamsikia," alisema. "Sauti inaondoka."

Bado muda wa kusema ulikuwapo. Badala yake alisema, "Kwa nini tusiende Meksiko? Huko nafasi ni nyingi."

Kwenye ghorofa ya chini aliishi Papa Sosthène, Mkongomani aliyepokea wageni mlangoni mwa kanisa. Watu wetu wakiwa ugenini wana tabia moja: hawaulizi karatasi inasema nini, wanauliza nani alipita. Mama alishuka kumuuliza.

"Meksiko? Mimi nilipita mwaka jana, mama, bila problème," Papa Sosthène alisema. "Wanatazama viza ya Marekani, wanapiga muhuri, unaingia. C'est fini, imekwisha."

Hakusema uongo. Ila alipopita, viza yake ya Marekani ilikuwa imebakiza wiki tatu ife. Yeye hakukumbuka kuitaja hiyo, na mama hakumuuliza. Mama alikuwa amechoka, aliogopa, na alimwamini mtoto wake kwamba Kanada hakuna nafasi. Akaomba mahojiano Meksiko na kununua tiketi za ndege za tarehe kumi na tano.

Asubuhi ya safari, Velma alivaa kabisa nguo mpya ya kuogelea, chini ya sweta na suruali.

Kwenye uwanja wa ndege, msichana wa kaunta alifungua pasipoti ya mama, akaigonga viza kwa ukucha. "Hii imekufa. Viza ya Meksiko iko wapi?"

"Tuliambiwa ya Marekani inatosha," mama alisema.

"Ikiwa hai. Nani aliwaambia?"

"Jirani yetu."

Yule msichana alimgeukia mwenzake. "Wameambiwa na jirani," alisema, na wote wawili wakacheka bila kujificha. Kisha akazirudisha pasipoti kwa kuzisukuma. "Tokeni kwenye mstari, kuna watu wenye safari."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yao hakungoja. Alilisogeza begi lao kwa mguu, kama mtu anayesogeza taka. Mama aliinama akaliokota. Kwenye treni ya kurudi alikaa na tiketi mkononi, na Velma akakaa kando yake huku ile nguo ya kuogelea ikimbana mabegani. Hakuthubutu hata kuilegeza.

Jumapili, baada ya ibada, kina mama walikusanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa kunywa chai. Habari ilikuwa imeshafika kabla yao.

"Pole, Mama Velma," alisema mama yake Wambui, akimmiminia chai. "Lakini na wewe na kusoma kwako kote, hukusoma?"

Wengine walicheka ndani ya vikombe.

"Kanada hakukuwa na nafasi," mama alijibu kwa upole. "Ningefanyaje?"

Wambui alikuwa anakula mandazi pale kando. Aliinua kichwa. "Ilikuwepo! Velma aliiacha. Ninayo picha."

"Wambui, usi..." Velma alianza.

"Kwani ni siri? Si ulinitumia mwenyewe?" Wambui aliitoa simu yake, na simu ikapita mkono hadi mkono, kila mama akisoma na kumtazama Velma, mpaka ikamfikia Philister.

Alisoma polepole. Akasoma tena.

"Tarehe mbili," alisema. "Leo ni kumi na tisa. Ningekuwa nimeshakaa kitandani kwa mama yangu."

"Huyu ndiye unayemwachia nyumba?" aliuliza mmoja wa wale kina mama. "Mimi mtoto kama huyo hata mbwa simwachii."

Hakuna aliyemkanya. Velma alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze wala aendelee. Mama alimaliza chai yake, akashukuru, akavaa koti.

Njiani Velma alitamani apigwe, yaishe. Lakini mama hakumpiga.

Kesho yake, kabla ya basi la shule, mama alipiga simu Vihiga, akaiweka mezani mbele ya Velma.

"Mwambie nyanya yako kwa nini sikufika."

"Mama, siwezi."

"Mimi uliweza kuniambia hakuna. Sema."

Velma alianza kwa Kiingereza. Mama aligonga meza. "Kwa Kiswahili. Nyanya yako hana Kiingereza cha kukufichia."

Basi Velma alisema yote: nafasi, picha, bahari. Maneno mengine aliyakosa, akaazima mengine. Upande wa pili ilisikika pumzi tu. Kisha ikaja sauti nyembamba, kama majani makavu ya mahindi yakisuguana.

"Hiyo bahari. Ni nzuri?"

"Sikuiona, nyanya."

"Kumbe," nyanya alisema. "Basi hakuna aliyepata."

Mama aliinyakua simu. "Mama, nibariki hapo hapo. Nakusikia. Sema tu."

"Mate ya mzazi hayapiti kwenye simu, Philister. Njoo."

Simu ilipokatika, mama aliifungua kompyuta, akaigeuza kuelekea kwa Velma. "Macho yaliyoiacha ndiyo yatakayoitafuta. Ukitoka shule unakaa hapa. Hakuna simu, hakuna Wambui, mpaka itokee."

Siku kumi na moja Velma alibonyeza. Macho yalimwuma, na kanisani Wambui aliwaambia watoto wenzake wamwite Toronto, nao wakamwita. Siku ya kumi na mbili, Ijumaa, ikatokea: Toronto, tarehe tano Aprili. Alibonyeza haraka mpaka kikombe kikaanguka. Hakukiokota kwanza. Aliisoma tarehe mara tatu, akaandika kwenye karatasi, akaibandika mlangoni.

Mahojiano yenyewe hayakuchukua hata dakika nne. Walikubaliwa. Lakini pasipoti zilibaki ubalozini zikabandikwe viza, na hilo lilichukua wiki nzima. Mama na Velma walikaa kwenye chumba kidogo cha kupanga hapo Toronto, wakiomba asubuhi na jioni, wakiitazama simu. Zilipotoka wakapanda ndege huko huko hadi Nairobi, kisha Kisumu, kisha gari hadi Vihiga.

Shangazi Leah, wifi wa nyanya na shangazi yake Philister, ndiye aliyewapokea mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza, na uchungu ulikuwa umemkausha huruma.

"Yuko hai," alisema. "Lakini mmechelewa siku sita. Jumapili ya Pasaka asubuhi aliniomba uji kwa kinywa chake. Jioni sauti ikawa hakuna. Tangu hapo hajasema."

Kisha akamtazama Velma. "Huyu ndiye mtu wa bahari?"

Mama aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda. Nyanya alimtambua. Alionyesha kikombe kwa kidole, na Shangazi Leah akamwekea maji mdomoni. Maji hayakukaa. Yalimwagika kidevuni, yakalowesha blanketi. Nyanya alijaribu tena, yakamwagika tena. Mara ya tatu aliyapangusa kwa kiganja chake mwenyewe, akakiweka kiganja hicho kilicholowa kwenye kifua cha binti yake, na midomo yake ikaanza kwenda.

Ilikwenda kwa muda mrefu. Yalikuwa maneno mengi. Mama alitega sikio mpaka likagusa mdomo wa mama yake.

"Sisikii, mama. Rudia. Sisikii."

Nyanya alirudia. Hakuna aliyesikia kitu isipokuwa pumzi.

"Shangazi, labda wewe unayajua," Velma alisema kwa Kiswahili, machozi yakimtoka. "Umwambie wewe."

"Maneno ya mzazi hayasemwi na mwingine," Shangazi Leah alijibu. "Na hata mimi hakuniambia. Alikuwa anamwekea yeye."

Nyanya alikufa Alhamisi iliyofuata, wakamzika kwa heshima. Viza zilikuwa nzima, kwa hiyo safari ya kurudi haikuwa na shida, na mama angeendelea na masomo yake kama ilivyopangwa. Siku moja kabla ya kuondoka, mama na Velma walikuwa wakifua mablanketi ya marehemu nyuma ya nyumba.

"Mama," Velma aliuliza, "unadhani alisema nini?"

"Sijui. Na nitakufa sijui."

Mama alikamua blanketi hadi tone la mwisho, akaliweka kwenye karai, akajifuta mikono. Hasira haikuwapo tena usoni mwake, na jambo hilo lilimtisha Velma kuliko hasira.

"Nimekusamehe," alisema. "Nilikusamehe kule kwenye treni kabla sijajua kosa lenyewe, kwa kuwa nilikuona unaumia. Mungu pia amekusamehe, maana umetubu. Lakini nisikilize vizuri, Velma. Msamaha haurudishi siku. Kosa langu lipo pia, niliuliza jirani badala ya kusoma. Hilo lilinigharimu aibu tu ya uwanja wa ndege. La kwako lilikuwa neno moja, dogo kabisa. Nilikuuliza kama kuna kitu, ukasema hakuna. Mtu akidanganya hujiona anaiba kitu cha siku moja. Kumbe hajui kitu hicho kilikuwa na thamani gani kwa mwenzake. Ukiulizwa, sema lililopo. Hata likikunyima bahari, sema lililopo."

"Nitasema, mama."

"Haya. Shika upande ule, tuanike."

Velma alishika pembe mbili za blanketi, mama akashika mbili, wakalitandaza juani.